Seva ndani ya friji, maikrowevu au tosta: joto litatokea wapi?

Friji kuukuu limesimama pembeni, na kando yake kuna kompyuta ya zamani ambayo bado inawaka. Wazo huja lenyewe: friji ni chombo cha baridi, kompyuta hupata joto, basi kompyuta iingie ndani ya friji iwe seva ya nyumbani, ikipozwa mchana kutwa na usiku kucha. Kila kipande cha wazo hili kinaonekana sahihi. Ukilitekeleza utaishia na kompyuta iliyolowa maji, au kompresa iliyochoka kabla ya wakati wake, au vyote viwili. Naanza na kosa hilo kwa sababu anayelielewa vizuri ataweza kutazama chombo chochote kilichostaafu na kujua kama kinafaa kubeba seva.

Seva yenyewe si mashine ya ajabu. Ni kompyuta yoyote inayokaa macho ikingoja kuombwa kitu na kompyuta nyingine au simu: faili, picha za familia, filamu, ukurasa wa wavuti. Seva ya kwanza ya wavuti duniani, pale CERN, maabara ya fizikia huko Ulaya, ilikuwa kompyuta ya mezani aina ya NeXT aliyoitumia Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, na juu yake palibandikwa karatasi iliyoonya kwamba mashine hii ni seva, isizimwe. Kilichoitofautisha na kompyuta nyingine ofisini ni kazi iliyopewa tu. Sanduku nalo halikuwahi kuwa lazima litoke kiwandani. Kompyuta ya Apple I ya mwaka 1976 iliuzwa kama bodi tupu, na baadhi ya walioinunua wakajiundia masanduku ya mbao. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi wa Stanford mwaka 1996, walipanga diski 10 za gigabaiti 4 kila moja ndani ya kabati walilolijenga kwa matofali ya plastiki ya kuchezea watoto, na mradi ule ndio uliozaa Google. Kwa hiyo mtu anayetaka kuiweka seva yake ndani ya tosta hafanyi mchezo wa kitoto. Anaendeleza desturi ya zamani.

Sasa turudi kwenye joto. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Pampu hutumia umeme kuinua maji, lifti huinua watu. Kompyuta haiinui chochote. Hesabu zake zote, baada ya kwisha, huacha joto tu. Seva inayokula wati 60 ni sawa na balbu ya kizamani ya wati 60 iliyofungiwa sandukuni na kuachwa ikiwaka bila kuzimwa. Ukiishika picha hiyo ya balbu kichwani, maamuzi mengi yatajipanga yenyewe.

Friji halitengenezi baridi. Linahamisha joto: linalichukua ndani na kulimwaga nje kupitia mabomba ya nyuma. Limepimwa kwa ajili ya chakula, na chakula hakizalishi joto la maana. Sufuria ikiingia na uvuguvugu, kompresa huutoa mara moja, kisha inabaki na kazi ndogo ya kurudisha nje joto linalopenya kwenye kuta. Inapumzika, inaamka, inapumzika tena. Seva ndani ya friji ni sufuria ya moto isiyopoa. Kompresa haipati nafasi ya kupumzika, na wewe unalipia umeme mara mbili, mara ya kwanza kulitengeneza joto na mara ya pili kulitoa. Na kama friji limekufa kabisa, hali ni mbaya zaidi, maana kuta zake zimejazwa povu la kuzuia joto lisipite. Balbu yetu itakuwa imevikwa blanketi.

Halafu kuna umande. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha maji juu ya kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 23 hivi au chini yake. Friji hukaa karibu nyuzi 4. Kila mlango unapofunguliwa, hewa ya nje huingia na maji yake, na mpira wa mlango uliotobolewa ili kupitisha nyaya huendelea kuivuta kidogo kidogo. Prosesa inayofanya kazi itabaki kavu kwa sababu ina joto lake. Zitakazolowa ni soketi, ncha za nyaya na pembe za bodi zilizo baridi, mahali ambapo jicho halifiki. Kutu huanza hapo.

Kuna anayesema: nitaling'oa kompresa nitumie kabati peke yake. Hilo linawezekana, lakini gesi ndani ya mabomba ina taratibu zake. Friji nyingi za siku hizi hutumia R600a, yaani isobyuteni, gesi inayowaka. Za kabla yake zilitumia R134a, ambayo haiwaki lakini huongeza joto la dunia mara nyingi kuliko kaboni dioksaidi. Gesi itolewe na fundi wa friji mwenye chombo cha kuikusanya, wala usitoboe ukuta wa friji kwa kubahatisha, kwa kuwa mabomba mengine yamefichwa ndani ya povu. Baada ya jasho hilo lote unabaki na kabati kubwa linalobana joto. Kwangu mimi halilipi. Oveni iko kundi moja na friji: chuma chake kizuri, lakini imezungushiwa pamba ya kioo ili joto lisitoke, na pamba hiyo lazima iondolewe kwanza, kwa barakoa na glavu.

Swali la kukiuliza chombo

Chombo hiki kilipokuwa hai, kilifanya nini na joto? Kuna vilivyolizuia lisipite, kama friji, oveni na chupa ya chai. Na kuna vilivyolipitisha, yaani vilivyoundwa hewa iingie ikiwa baridi upande mmoja na itoke ikiwa moto upande mwingine. Kundi la pili ndilo letu.

Tosta ni mfano mzuri kuliko sura yake inavyoonyesha. Juu ina midomo miwili mirefu, chini ina nafasi ya kutolea makombo, na katikati hakuna kitu isipokuwa nyaya za moto zilizozungushiwa vibao vya mika. Toa nyaya hizo na unabaki na dohani ndogo: hewa baridi inaingia chini, inapata joto, inapanda na kutoka juu bila kusukumwa. Bodi ndogo kama Raspberry Pi, ambayo ni kompyuta nzima kwenye bodi moja ya milimita 85 kwa 56, inasimama wima humo pamoja na diski ya inchi 2.5, na kwa wati chache tu inazokula huenda usihitaji feni kabisa. Ioshe kwanza, maana makombo na mafuta huita wadudu.

Hita ya feni ni bora tena, kwa kuwa njia ya hewa imechorwa tayari na wahandisi walioijua kazi yao. Mashine ya kufulia hutoa kitu ambacho wengi hawakioni: ngoma yake ya ndani ni chuma kisichoshika kutu, imetobolewa matundu kila upande. Huwezi kununua sanduku la kompyuta linalopumua vile.

Lakini chombo ninachokipenda kuliko vyote ni kasha la redio ya valvu, zile redio za mbao zilizotangulia transista. Valvu, yaani vibomba vya kioo vinavyofanana na balbu, zilihitaji kupata moto ili zifanye kazi, na redio ya kawaida ya mezani ilikula makumi kadhaa ya wati kwa ajili hiyo. Ndiyo maana kibao cha nyuma kimejaa matundu na sakafu yake ina nafasi: mtengenezaji alikuwa anatatua tatizo lilelile tulilo nalo sisi, kutoa joto la balbu moja kutoka kwenye sanduku la mbao, saa baada ya saa, bila kuliunguza. Seva ndogo ikikaa mahali pa valvu inakuta nyumba iliyojengwa kwa kipimo chake. Mbao pia huruhusu mawimbi ya waifai kupita, jambo ambalo chuma hakiruhusu. Ombi langu ni moja: tumia kasha ambalo matumbo yake yamekwisha potea au kuoza. Redio nzima inayoweza kufufuliwa mpe anayejua kuifufua.

Tahadhari ya umri inahusu vyombo hivi vyote. Tosta, pasi, hita na oveni zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 huweza kuwa na asbesto kama kinga ya joto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki. Ukiona kitambaa au karatasi ya kijivu yenye nyuzinyuzi karibu na sehemu ya moto, funga, weka chini, tafuta chombo kingine.

Maikrowevu

Maikrowevu inastahili sehemu yake peke yake, kwa kuwa ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayoweza kuua.

Ndani ya ubavu wake, nyuma ya vitufe, kuna transfoma inayopandisha umeme hadi maelfu ya volti na kapasita inayouhifadhi. Kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa kawaida huwa na kizuizi kidogo ndani kinachoinyonya taratibu, lakini kizuizi kikifa hakitoi taarifa. Ukiigusa, mkupuo mmoja unatosha kusimamisha moyo. Kama hujafundishwa na mtu kuitoa chaji hiyo, mpe fundi wa vifaa vya umeme avitoe transfoma, kapasita na magnetroni (kifaa kinachotengeneza mawimbi ya kupasha chakula), kisha akurudishie sanduku tupu. Usiivunje magnetroni ili uone ndani. Baadhi zina kauri ya oksidi ya berili, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Televisheni ya kichogo ina hatari ya aina hiyohiyo kwenye bomba lake la kioo, kwa volti kubwa zaidi, na huko naona heri kuacha kabisa.

Sanduku tupu la maikrowevu lakini ni zuri. Chumba cha chakula cha maikrowevu ndogo huwa na sentimita 30 hivi kwa upana na kina, na bodi ya mini-ITX, kipimo kidogo cha bodi kuu ya kompyuta, ina sentimita 17 kwa 17 tu, kwa hiyo inaingia ikiwa na diski mbili au tatu kubwa pembeni. Kuta zake zina vijitundu vya kupitisha hewa, na upande wa mashine una nafasi ya feni. Ile feni ya asili iondoe, kwa sababu huendeshwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Weka ya volti 12 ya kompyuta.

Kuna jambo moja litakalokushangaza siku ya kwanza: waifai haitashika. Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya gigahezi 2.45, yenye urefu wa sentimita 12 hivi, na waifai ya kawaida hutumia mawimbi ya eneo hilohilo. Chumba cha chuma, pamoja na ule wavu wa mlangoni wenye matundu madogo sana kuliko wimbi, kiliundwa ili mawimbi hayo yasitoke. Mawimbi hayajali yanakotoka: kuta zilizoyazuia kutoka zitayazuia pia kuingia. Michael Faraday alionyesha kanuni ya kizimba hiki mwaka 1836, muda mrefu kabla ya rauta. Tiba yake ni kutumia kebo ya mtandao, ambayo kwa seva ni chaguo bora hata pasipo kizimba, au kuitoa antena nje kwa waya wake.

Hewa, kwa hesabu

Watu hutoboa matundu kwa kukisia, na kukisia huwa kudogo. Hesabu ni hii: kutoa joto la wati 100 huku hewa ikipanda nyuzi 10 tu kutoka inapoingia hadi inapotoka, unahitaji takribani lita 8 za hewa kila sekunde. Seva ya wati 60 inahitaji lita 5. Feni moja ya milimita 120 inayozunguka polepole hufikisha hapo bila kelele, mradi hewa ina pa kupita. Ukiibana kwa tundu la ukubwa wa kifuniko cha soda, feni itapiga makelele na hewa itabaki palepale.

Hewa hufuata njia rahisi. Tundu la kuingilia likiwa karibu na la kutokea, itapita hapo na kuiacha prosesa ikiungua kwenye kona. Ingizo liwe chini upande mmoja, tokeo liwe juu upande wa pili, na vitu vyenye joto vikae katikati ya safari. Feni ikiwa upande wa ingizo na ikiwekewa sponji nyembamba, sanduku lote hujaa hewa iliyochujwa na vumbi haliingii kwa mianya mingine. Sponji hiyo ioshwe, la sivyo itageuka ukuta.

Kuhusu diski, hofu ya joto imezidi kidogo. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 walizokuwa wakizitumia, na wakakuta uhusiano wa joto na kufa kwa diski ni mdogo kuliko ilivyoaminika, isipokuwa kwenye joto la juu sana na kwa diski zilizozeeka. Mimi bado napenda diski zangu zibaki chini ya nyuzi 45, lakini sitaongeza feni ya tatu ili kuzishusha kutoka 40 hadi 35.

Mtetemo naona una hatari ya kusahaulika zaidi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutikisika mara 120 kila sekunde, na hiyo ni sauti nzito inayosikika vizuri. Kwenye sanduku la kompyuta diski imeshikwa na chuma kinene. Kwenye vyombo vya nyumbani chuma ni bati jembamba, na bati jembamba likishikwa na kitu kinachotikisika huimba. Ngoma ya mashine ya kufulia huimba kuliko vyote. Ishike diski kwa vipande vya mpira kati yake na chuma, au itundike kwa mikanda ya mpira. Sauti itakufa papo hapo. Diski za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka ndani, hazina tatizo hili.

Umeme

Ushauri ninaousisitiza kuliko wote: kama unaweza, acha umeme wa ukutani nje ya sanduku. Bodi nyingi ndogo huendeshwa kwa adapta kama ya laptopu, ya volti 5, 12 au 19. Adapta inakaa nje, ndani inaingia volti ndogo isiyoweza kukudhuru, na nusu ya hatari zote zimekwisha.

Ikiwa lazima utumie pawa saplai kubwa ya kompyuta, basi kila kipande cha chuma cha sanduku kiunganishwe na waya wa ethi, na soketi ya ukutani iwe na ethi ya kweli. Watu hudhani ethi ni ya siku ya ajali tu. Pawa saplai huwa na kichujio kinachounganisha laini zote mbili za umeme na chuma chake kupitia kapasita ndogo. Ethi ikikosekana, chuma chote cha sanduku huelea kwenye takribani nusu ya volti ya umeme wa nyumbani. Mkondo wake ni mdogo, lakini ndio ule mchonyoto unaousikia kwenye vidole ukigusa kasha la kompyuta. Kwenye tosta inayong'aa, ambayo kila mgeni atataka kuigusa, hilo halikubaliki. Mlango wa maikrowevu nao upewe waya wake wa ethi, kwa sababu bawaba zilizopakwa rangi hazipitishi umeme kwa uhakika.

Matundu yote yatobolewe kabla bodi haijaingia ndani. Chembe moja ya chuma, ndogo kama punje ya mchanga, ikilala kati ya miguu miwili ya chipu inaua bodi nzima, na sumaku haiokoti chembe za alumini. Safisha kwa brashi, kisha kwa kitambaa chenye unyevu, kisha tena. Bodi isimame juu ya nguzo fupi za shaba, isiguse sakafu ya chuma popote.

Anayetaka kutumia matumbo ya laptopu iliyovunjika kioo yuko sahihi, kwa kuwa hula umeme kidogo na hunyamaza. Betri yake lakini, ikichajiwa muda wote ndani ya sanduku lenye joto, huvimba. Itoe.

Na kabla ya kuchagua bodi, piga hesabu ya mwaka. Wati 60 zisizozimwa ni yuniti 525 hivi za umeme kwa mwaka. Wati 10 ni yuniti 88. Kompyuta kubwa ya bure iliyotoka stoo inaweza kukugharimu zaidi ya bodi mpya ndogo, na zaidi ya hapo, wati chache ni matundu machache, feni ndogo na uhuru wa kuchagua chombo unachokipenda.

Upande wa programu hautofautiani na seva nyingine yoyote. Mfumo endeshi kama Debian au Linux nyingine iliyotulia unatosha, na kuiingia ukiwa mbali kufanyike kupitia njia iliyofichwa kama WireGuard badala ya kuifungulia intaneti nzima mlango. Diski mbili zinazoakisiana zinakulinda diski moja ikifa. Hazikulindi ukifuta picha kwa makosa wala sanduku likiibiwa. Nakala nyingine ikae nyumba nyingine.

Mwisho ni jaribio, na wengi hulifanya vibaya kwa kupima wakiwa wameacha kifuniko wazi. Funga kila kitu kama kitakavyokaa siku zote, pamoja na mlango, sponji na ukuta ulio nyuma yake. Ipe prosesa kazi nzito, ziandikie diski zote data mfululizo, na uache hivyo saa nne au tano wakati wa joto la mchana, maana sanduku lenye chuma kingi huchukua muda mrefu kufika kwenye joto lake la kweli. Soma joto la prosesa na la diski kila baada ya nusu saa. Namba zikiacha kupanda na kutulia, prosesa ikiwa chini ya nyuzi 80 na diski chini ya 45, irudishie chombo skrubu zake za mwisho. Zikiendelea kupanda hata kidogo saa ya tano, chukua keekee upanue tokeo la juu, kisha uanze jaribio upya.